Kutoka -takapo- hadi -sipo-: Lugha ya Mkakati na Mashaka katika Mafunzo ya Wasimamizi wa Miradi Tunduma

1.0 Utangulizi

Makala hii inahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa juu juu laweza kudhaniwa kuwa ni la wataalamu wa uongozi na uchumi, wala si la wanaisimu. Jambo lenyewe ni jinsi wasimamizi wa miradi wanavyofundishwa kupanga mambo ambayo hawana uhakika nayo. Mwandishi aliingia katika uwanja huu bila ya kukusudia. Alialikwa mjini Tunduma asaidie kusanifisha istilahi za kitabu cha mazoezi kilichokuwa kikitafsiriwa kwa ajili ya waratibu wa miradi, maafisa mipango wa halmashauri, na mawakala wachache wa forodha. Kazi ilitazamiwa kuwa ya siku mbili: kuchagua neno hili badala ya lile, kurekebisha upatanisho wa kisarufi, kisha kurudi chuoni. Ilidhihirika mapema, hata hivyo, kwamba tatizo halikuwa katika istilahi peke yake. Lilikuwa katika viambishi vya kitenzi.

Hoja ya makala ni kwamba Kiswahili kinachotumika katika maandiko ya miradi kimejengeka juu ya umbo la kitenzi linalochukulia kwamba jambo lililopangwa litatokea, na kwamba umbo hilo halina kikanushi chake cha moja kwa moja. Kwa hiyo mpangaji anayeandika kwa umbo hilo hulazimika kutoka nje ya sentensi yake ili aulize swali ambalo mafunzo yote ya mkakati yanamtaka aulize: je, lisipotokea? Itaonyeshwa kwamba sarufi ya Kiswahili inayo nyenzo za kutosha za kuuliza swali hilo, na kwamba watu wa mpakani huzitumia kila siku.

Mifano ya sentensi iliyomo humu imetungwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata mtindo wa maandiko ambayo mwandishi amepata kuyasoma. Haikunakiliwa kutoka katika andiko la asasi yoyote.

2.0 Mahali penyewe

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na ambao makao yake makuu yako Vwawa, wilayani Mbozi. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita hapa. Reli ya TAZARA nayo hupita hapa. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Katika soko moja mtu husikia Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kibemba na Kiingereza, lakini lugha inayowakutanisha wenye malori, utingo, wabadilisha fedha na maofisa wa Tanzania ni Kiswahili.

Mji wa namna hii ni darasa la mashaka. Thamani ya kwacha hupanda na kushuka kati ya asubuhi na jioni. Foleni ya malori hurefuka kwa sababu ambazo chanzo chake kiko Lubumbashi au bandarini Dar es Salaam, mahali ambapo msimamizi wa mradi wa Tunduma hana sauti. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu, kwa shabaha ya kuondoa ukaguzi wa mara mbili na kupunguza muda wa kuvuka. Mwezi Mei 2020, miezi saba tu baadaye, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa muda kutokana na maambukizi ya UVIKO-19. Mradi uliokuwa umelenga kasi ya makaratasi ulikutana na jambo ambalo halikuwa la makaratasi.

3.0 Hatari, vihatarishi na mashaka

Tuanze na maneno. Mwaka 1921 mwanauchumi wa Kimarekani Frank Knight alitenganisha mambo mawili ambayo kabla yake yalichanganywa. La kwanza ni lile ambalo, ingawa hatujui kama litatokea safari hii, tunajua hutokea mara ngapi katika safari mia. Hilo laweza kuhesabiwa, na hata kukatiwa bima. La pili ni lile ambalo hatuna hesabu yake, kwa kuwa halijapata kutokea kwa namna hiyo au kwa kuwa hatujui hata orodha ya yanayoweza kutokea. Mafunzo mengi ya kisasa ya mkakati yanaanzia katika tofauti hii, hata pale ambapo jina la Knight halitajwi.

Kiswahili cha maandiko ya miradi kinalo neno moja kwa mambo yote mawili. Hapo awali lilikuwa *hatari*. Siku hizi, hususan serikalini, limekuwa *vihatarishi*. Neno hili limeundwa kwa kanuni iliyo sahihi: kitenzi *hatarisha* kimenominishwa kwa *ki-/vi-* kama vile *kirekebishi* au *kiunganishi*. Hatuna ugomvi na umbo lake. Ugomvi wetu ni juu ya maana inayobebwa na mzizi. Kihatarishi ni kitu kinacholeta hatari, na hatari, tangu neno lilipoingia kutoka Kiarabu, ni jambo baya linalotishia mwili au mali. Mwongozo wa kimataifa ISO 31000, uliotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa 2018, unaifafanua dhana inayohusika kuwa ni athari ya kutokuwa na uhakika juu ya malengo, na unaruhusu athari hiyo iwe njema au mbaya. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayesema amepata hatari njema.

Matokeo ya jambo hili yalionekana waziwazi katika semina tuliyoitaja. Washiriki walipewa mradi wa kubuni wa kujenga maegesho ya malori pembezoni mwa mji, wakaombwa kuorodhesha hatari za mradi huo. Orodha ilikuja haraka: ajali za barabarani, moto wa malori ya mafuta, wizi wa saruji, maradhi, nyoka katika eneo la kusafisha. Hakuna aliyetaja kuchelewa kwa fedha. Hakuna aliyetaja uwezekano wa malori kupitia mpaka mwingine, wala mabadiliko ya kanuni za forodha upande wa Zambia. Mshiriki mmoja alipoulizwa kwa nini fedha hazimo katika orodha, alijibu kwa utulivu kwamba kuchelewa kwa fedha si hatari, hiyo ni kawaida. Jibu lile lilikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa lugha aliyoulizwa nayo.

Je, lugha inayo maneno ya kuitenga dhana ya pili? Inayo, tena ya kale. Tazama kundi la *kadiri*, *kadiria*, *makadirio* na *kadari*. Yote yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupima na kupangia kiasi. Bajeti ya serikali yetu huitwa makadirio ya mapato na matumizi. Kadari ni lile ambalo Mungu amelipangia kiasi chake, nasi hatukuonyeshwa hesabu. Kati ya kipimo cha binadamu na kipimo kisichofikiwa na binadamu ndipo ulipo mstari wa Knight, na Kiswahili chaweza kuuchora kwa kiambishi cha kutendeka tu: kuna *yanayokadirika* na kuna *yasiyokadirika*.

Kwa hili la pili tunapendekeza neno *mashaka*, huku tukikiri kwamba lina historia ya mchanganyiko. *Shaka*, kwa maana ya kutokuwa na yakini, limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. *Mashaka*, kwa maana ya taabu na mikasa, limetoka katika mzizi mwingine unaofanana nao kwa sauti. Katika masikio ya Mswahili yamekutana, na leo *mashaka* husikika kama wingi wa *shaka*. Mwanaleksikografia aweza kusikitika. Kwa mwalimu wa mkakati mkutano huo ni faida, kwani neno lina pande zote mbili: kutojua, na taabu inayomfika asiyejua.

Mfano mmoja wa mkoani utatosha. Mto Songwe, uliopewa mkoa jina, ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Katika uwanda wa chini, karibu na Ziwa Nyasa upande wa Kyela na Karonga, mto huu una tabia ya kuacha njia yake na kuchukua njia mpya baada ya mafuriko, hata wakulima wakajikuta ng'ambo ya mto uliokuwa mpaka wao. Tabia hiyo ni miongoni mwa sababu zilizozifanya nchi hizi mbili ziandae programu ya pamoja ya kuliendeleza bonde la mto, na Mei 2017 zikatia saini mkataba wa kuunda kamisheni yake. Sasa, kimo cha mafuriko chakadirika: mhandisi mwenye kumbukumbu za mvua za miaka mingi atakwambia mafuriko ya ukubwa fulani hurudi baada ya miaka mingapi. Lakini mahali ambapo mto utapasua kingo na kulala safari ijayo, pamoja na yatakayofuata kwa shamba, kodi na uraia wa mtu, hayo hayamo katika jedwali lake. Msimamizi anayeyaandika yote mawili chini ya kichwa kimoja cha *vihatarishi* atayapa dawa moja, nayo itafaa kwa moja tu.

4.0 Sarufi ya kupanga

4.1 -takapo- na -ki-

Sasa tuingie katika kitenzi. Linganisha sentensi hizi:

(1) Fedha zitakapofika, ujenzi utaanza.
(2) Fedha zikifika, ujenzi utaanza.

Katika mazungumzo ya kawaida mtu aweza kuzitumia sentensi hizi mbili bila ya kuona tofauti kubwa. Kisarufi tofauti ipo, na wanasarufi wameieleza tangu siku za Ashton (1944). Kiambishi *-po-* cha wakati katika (1) hulichukulia tukio la kufika kwa fedha kama jambo lililokwisha kukubaliwa. Kinachosubiriwa ni siku tu. Kiambishi *-ki-* katika (2) huliacha tukio wazi. Msemaji wa (1) ameahidi. Msemaji wa (2) ameweka sharti.

Maandiko ya miradi hupenda (1). Mtu akisoma andiko lolote la kawaida atakutana na *daraja litakapokamilika*, *kibali kitakapotolewa*, *wananchi watakapohamasishwa*. Sababu yake yaeleweka. Andiko la mradi huandikwa ili kumshawishi mfadhili au hazina, na sharti halishawishi. Aidha, *-ki-* katika andiko rasmi husikika kama mashaka ya mwandishi mwenyewe juu ya mradi wake, jambo ambalo hakuna afisa anayetaka kulitia saini.

Tatizo linajitokeza tunapojaribu kukanusha. Sentensi (2) ina kikanushi chake tayari:

(3) Fedha zisipofika, ujenzi hautaanza.

Sentensi (1) haina. Hatuwezi kusema fedha hazitakapofika*. Itabidi tuzunguke kwa *ambapo*: *wakati ambapo fedha hazitafika*, kauli ambayo ni nzito na haina maana anayoitaka mpangaji. Msomaji makini atasema kwamba *-sipo-* katika (3) ni kikanushi *-si-* pamoja na *-po-* ile ile, na kwa umbo atakuwa na haki. Lakini kwa maana *-sipo-* imekuwa kikanushi cha *-ki-*; haikanushi ahadi ya *-takapo-* bali inakamilisha sharti. Kwa maneno mengine, mwandishi aliyechagua *-takapo-* amechagua umbo lisilokuwa na mlango wa nyuma.

Hatudai kwamba sarufi humfunga mtu asiweze kufikiri. Madai ya namna hiyo yamekwisha kuleta hasara ya kutosha katika taaluma yetu. Tunachosema ni kidogo zaidi: umbo lililo tayari huulizwa kwa urahisi, na umbo lisilokuwepo huhitaji juhudi. Mafunzo kazini ni shughuli ya siku chache yenye watu waliochoka. Juhudi ndogo isiyohitajika huachwa.

4.2 hu- na huenda

Yapo maumbo mengine yanayostahili kutajwa, ingawa kwa ufupi. Kiambishi *hu-* cha mazoea ndicho lugha ya yanayokadirika: *malori hukwama hapa wakati wa masika*. Anayesema hivyo ana hesabu kichwani, hata kama hajaiandika. Inavutia kuona kwamba *huenda*, neno letu la kawaida la kuonyesha kutokuwa na hakika, ni *hu-* hiyo hiyo pamoja na kitenzi *enda*, iliyoganda ikaacha kuwa mazoea na ikawa shaka. *Malori hukwama* ni takwimu. *Huenda malori yakakwama* si takwimu. Katika zoezi moja washiriki waliombwa wapitie maelezo yao na kuweka ama *hu-* ama *huenda* mbele ya kila jambo la kuhofiwa, na wasiruhusiwe njia ya tatu. Zoezi hilo la dakika ishirini liliwatenganishia mambo mawili ya Knight kuliko mhadhara wa asubuhi nzima uliotangulia. (Mhadhara, ni haki kusema, ulikuwa wa mwandishi.)

4.3 Mradi kama sharti

Hapa pana jambo ambalo pengine limesahaulika kwa kuzoeleka. Neno *mradi* lenyewe limetokana na Kiarabu *murad*, yaani kinachotakwa, kusudio. Katika Kiswahili lilichukua njia mbili. Kama nomino lilibaki kuwa kusudio, kisha shughuli iliyopangwa. Kama kiunganishi, *mradi* au *ilimradi*, lilipata maana ya sharti: *nitakuja, mradi mvua isinyeshe*. Neno moja linabeba kusudio na sharti la kusudio. Anayesema *mradi wa maji* anatumia upande mmoja wa neno, na mzee anayesema *mradi maji yapatikane* anatumia wa pili. Mwalimu wa mafunzo ya miradi akilianza darasa lake kwa jambo hili hatakuwa anafanya ufundi wa maneno, bali atakuwa anawarudishia washiriki nusu ya neno wanalolitumia kila siku.

5.0 Safu ya nne ya bango kitita

Chombo kikuu cha kazi za wasimamizi wa miradi ni jedwali linaloonyesha malengo, viashiria, njia za uthibitisho na, katika safu ya nne, mambo ambayo mradi unayategemea lakini hauyatawali. Jedwali hilo, ambalo huku kwetu limezoeleka kwa jina la bango kitita, lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya Shirika la Misaada la Marekani (USAID), na tangu hapo limeenea kwa wafadhili karibu wote. Safu ya nne ndiyo mahali pekee ambapo mashaka yalipewa makao ndani ya jedwali. Ndiyo pia safu inayojazwa mwisho, mara nyingi jioni.

Jina la safu hiyo kwa Kiswahili halijatulia. Katika maandiko ambayo mwandishi ameyaona hutumika *mategemeo*, *matarajio* na *dhana*. *Matarajio* ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa *tarajia* ni kutumaini: safu iliyokusudiwa kuonyesha mahali mradi unapoweza kuvunjika imegeuzwa kuwa safu ya matumaini. *Dhana* ilikuwa na sifa nzuri ilipokuwa bado karibu na *dhani*, lakini katika Kiswahili cha kitaaluma imekwisha kuhamia katika maana ya wazo au fikra ya jumla. *Mategemeo* lafaa kidogo, kwani kinachotegemewa chaweza kuondoka. Hata hivyo majina yote matatu yana udhaifu wa pamoja wa kuwa ni nomino. Udhaifu huo unaonekana vilevile katika utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao halmashauri zetu zimeutumia tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Fursa ni kitu kilichopo. Kikwazo ni kitu kilichopo. Kijiji kikiulizwa kina nini na kinazuiwa na nini, kitajibu vizuri. Kisichokuwepo bado hakina pa kuandikwa.

Pendekezo letu ni kwamba safu ya nne isijazwe kwa nomino kamwe. Ijazwe kwa sentensi zenye *-sipo-*, kila moja ikiwa na kishazi kikuu kinachosema nani atafanya nini. Badala ya *Matarajio: ushirikiano wa mamlaka za Zambia*, iandikwe:

(4) Mamlaka za Zambia zisipokubali saa mpya za kazi ifikapo Juni, mratibu ataanza na upande wa Tanzania peke yake na kupunguza idadi ya walinzi.

Sentensi hii ni ndefu na haipendezi katika jedwali. Lakini haiwezi kuandikwa na mtu asiyefikiri.

6.0 TAZARA: sharti lilipobadilika

Inafaa kuupima mtazamo huu kwa mradi mkubwa kuliko yote iliyopata kupita Tunduma. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikuwa na shaba nyingi na njia ya baharini iliyopita mikononi mwa wapinzani wake. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wameona kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam isingelipa kibiashara. Kwa istilahi zetu, walihesabu kwa *hu-*: mizigo ya kiasi hiki huleta mapato ya kiasi hiki. Rais Nyerere na Rais Kaunda waliuliza kwa *-ki-*: njia ya kusini ikifungwa, shaba itapita wapi? Maswali yote mawili yalikuwa halali, na jibu la moja halikuwa jibu la jingine. Mkataba na China ulitiwa saini Septemba 1967, ujenzi ulianza 1970, na Januari 1973, mwaka ule ule ambao reli ilifika Tunduma, Rhodesia ilifunga mpaka wake na Zambia. Sharti lilitimia kabla njia ya kilomita 1,860 haijakamilika mwaka 1975. Reli ilikabidhiwa rasmi mwaka uliofuata.

Huu ni mkakati katika maana yake kamili, na mwandishi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi. Ila sehemu ya pili ya hadithi ndiyo inayofundisha zaidi. Oktoba 1978 Zambia ilifungua tena njia ya kusini, msukumo mmojawapo ukiwa mbolea iliyokuwa imekwama huku msimu wa kupanda ukikaribia, kwani reli na bandari ya Dar es Salaam hazikuweza kuhimili mzigo. Mwaka 1979 daraja la reli la mto Chambeshi lililipuliwa na majeshi ya Rhodesia. Mwaka 1980 Zimbabwe ikawa huru, na mwaka 1994 Afrika Kusini ikafanya uchaguzi wa watu wote. Sharti lililoizaa reli likaondoka, na kuondoka kwake kulikuwa ushindi ambao wajenzi wa reli wenyewe waliupigania. Kila mpenda haki alikuwa akisema *kusini itakapokuwa huru*. Swali la kipangaji lilikuwa: kusini ikiwa huru, reli hii itashindana kwa nini? Hapa neno *vihatarishi* linashindwa kabisa, maana hakuna ambaye angeuandika uhuru wa Zimbabwe katika orodha ya vihatarishi. Katika *-ki-* ungeandikika bila aibu.

Hati ya makubaliano ya kuifufua reli ilitiwa saini Beijing Septemba 2024 kati ya Tanzania, Zambia na kampuni ya Kichina. Waratibu watakaofanya kazi kandokando ya mradi huo, katika maghala, barabara za kuingilia stesheni na maji, ndio hao hao wanaokaa katika semina zetu za Vwawa na Tunduma.

7.0 -ngali- na ripoti za tathmini

Limebaki umbo moja. Maandishi ya kupanga yakitawaliwa na *-takapo-*, maandishi ya kutathmini hutawaliwa na *-ngali-* na *-nge-*, ambazo waandishi wengi siku hizi huzichanganya, wakiongeza na *-ngeli-*: *kama fedha zingalifika kwa wakati, mradi ungalikamilika*. Sentensi ya namna hiyo hufunga hesabu kwa kuonyesha kwamba kosa lilikuwa nje. Mwalimu wa tathmini anaweza kuigeuza iwe nyenzo kwa kudai jambo moja tu: kila *-ngali-* iliyomo katika ripoti itafutiwe *-sipo-* yake katika andiko la awali. Ikiwa ipo, kinachochunguzwa ni kwa nini hatua iliyoandikwa haikuchukuliwa. Ikiwa haipo, ni lazima kuuliza kama jambo lenyewe lilikuwa la *hu-*, ambalo halmashauri nzima ililijua, au lilikuwa la mashaka kweli, kama ule ugonjwa wa 2020. Mwandishi alifanya zoezi hili na maafisa sita juu ya ripoti zao wenyewe. Sehemu kubwa ya *-ngali-* zao zilikuwa za *hu-*. Walicheka, kisha wakanyamaza.

Hapa yafaa kutaja adabu. Mshiriki mmoja, mtu mzima kuliko sisi sote, alipinga *-sipo-* kwa sababu kwao kulitamka baya ni kama kuliita. Mtu husema *Mungu akipenda*, basi. Pingamizi lake lilikuwa na uzito, na halikujibiwa kwa Knight. Alijibiwa na kijana mmoja, wakala wa forodha, aliyesema: "Lakini mzee, *akipenda* nayo ni *-ki-*." Mzee alikubali kwamba sharti lilikuwamo tangu mwanzo.

Kijana huyo alikuwa na daftari dogo la mfukoni ambalo hakulileta kwa ajili ya semina. Kila ukurasa ulikuwa na namba ya lori, aina ya mzigo, na mistari miwili au mitatu ya namna hii: *kibali kisipotoka kabla ya saa kumi, dereva alale Tunduma, posho ya siku mbili, kwacha ikishuka zaidi, kubadilisha nusu tu.* Tulipomwomba ayahamishie maandishi yake katika bango kitita la semina, alilitazama kwa muda akauliza mistari hiyo iende safu ipi. Safu ya nne ilikuwa nyembamba kiasi cha vidole viwili. Mwishowe walichukua rula, wakaunganisha karatasi ya pili upande wa kulia.